UZI: Steringi mwenye sarufi safi na mwenzake aliyenyimwa: The Lone Ranger, 1949–1957

Mwanapicha (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye mjadala wa picha za kauboi humu, wengi mmezisifu tamthilia za zamani kwa maadili yake: steringi halewi, hatukani, haui ovyo. Nakubali. Lakini naona The Lone Ranger inastahili uzi wake, maana ndiyo tamthilia ya kauboi ambayo maadili yake yaliandikwa kabisa kwenye karatasi, kanuni baada ya kanuni. Ukizisoma kanuni zile, halafu ukamsikiliza Tonto, mwenyeji asilia wa Marekani anayeandamana na steringi, anavyozungumza, unaona hasa ni wapi heshima ilikatika. Uzi ni mrefu, vumilieni.

Kwa wasioijua: hadithi ilianza redioni mwaka 1933, kwenye kituo cha WXYZ cha Detroit. Mwenye kituo alikuwa George W. Trendle, mfanyabiashara, na mwandishi wa miswada alikuwa Fran Striker. Vipindi vya redio vilipita 2,900. Televisheni ilipoanza kuingia majumbani Marekani, mtandao wa televisheni wa ABC ukaichukua, na sehemu ya kwanza ikarushwa tarehe 15 Septemba 1949. Iliendelea hadi 1957, jumla sehemu 221, zote za rangi nyeusi na nyeupe isipokuwa msimu wa mwisho wenye sehemu 39. Kwa ABC, iliyokuwa changa na inayoachwa nyuma na NBC na CBS, hii ndiyo ilikuwa tamthilia yao ya kwanza kupendwa nchi nzima.

Kisa chenyewe: askari sita wa Texas Rangers wanavamiwa kwenye korongo na genge la Butch Cavendish. Watano wanakufa. Wa sita, John Reid, ambaye ndiye atakayekuwa Lone Ranger, anaokotwa na Tonto akiwa hoi. Tonto anamtambua, kwa sababu utotoni Reid aliwahi kumuokoa yeye. Anamtibu, anawazika waliokufa, kisha anachimba kaburi la sita lisilo na mtu ili Cavendish aamini kuwa wote wamekwisha. Reid anakata barakoa nyeusi kutoka kwenye kizibao cha kaka yake aliyeuawa, na tangu hapo wawili hao wanazunguka wakipigania haki, wakilipia maisha yao kwa madini ya fedha ya mgodi wa Reid, ile ile inayotengenezewa risasi.

Sasa kanuni. Trendle na Striker waliwawekea waandishi wote mipaka ya huyu steringi. Hafyatui risasi ili kuua, bali kumpokonya adui silaha. Hanywi pombe wala havuti, na hata baa zikionyeshwa ziwe kama mikahawa yenye chakula na wahudumu. Wahalifu wasionyeshwe wakiishi maisha ya kutamanika. Maadui wasiwe watu wa jamii ndogondogo, kuepusha lawama kutoka kwa jamii hizo. Na kanuni ninayotaka muishike: Lone Ranger azungumze daima kwa sarufi kamili na matamshi sahihi, bila maneno ya mtaani.

Ifikirieni hiyo ya mwisho. Waandishi hawa walijua kuwa usemi ni heshima. Walijua mtoto aliyeketi mbele ya redio au televisheni humpima mtu kwa namna anavyopanga maneno yake. Ndiyo maana wakamlinda shujaa wao hata na kosa dogo la kisarufi.

Kisha wakamwandikia Tonto mazungumzo ya mtu asiyeweza kunyambua kitenzi. Kwa Kiswahili ingekuwa kama mtu aseme "Mimi kwenda mji, mimi kusikia watu, mimi kurudi haraka." Sehemu 221, mwaka baada ya mwaka, na huyu mtu aliyekula, kulala na kusafiri na msemaji fasaha kuliko wote magharibi ya Marekani hakujifunza hata "nitakwenda."

Msimamo wangu ni huu: wale waandishi hawakuwa watu wa chuki. Kwa wakati wao walikuwa wamewapita wenzao wengi. Lakini walimpa Tonto kila sifa isipokuwa ile ambayo wao wenyewe waliihesabu kuwa dalili ya utu kamili.

(Naendelea hapa chini, msinikatishe kwanza.)

Mwanapicha

Sehemu ya pili: aliyekuwa nyuma ya Tonto.

Redioni, Tonto aliigizwa na John Todd, mzungu, mwigizaji mkongwe wa jukwaani. Kwenye televisheni nafasi akapewa Jay Silverheels. Hili lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu desturi ya Hollywood ilikuwa kuwapaka wazungu rangi na kuwavisha manyoya. Tamthilia ya Broken Arrow ilipoanza 1956 kwenye ABC hiyo hiyo, kiongozi wa Waapache, Cochise, aliigizwa na Michael Ansara, mzaliwa wa Syria. Brave Eagle ya CBS, 1955, ilimweka mwenyeji asilia katikati ya hadithi, lakini mwigizaji akawa Keith Larsen.

Silverheels alikuwa Mmohawk kweli. Jina lake la kuzaliwa ni Harold Smith. Alizaliwa 1912 katika eneo la Six Nations la Mto Grand, jirani na mji wa Brantford, Ontario, Kanada. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi la Kanada katika Vita Kuu ya Kwanza na alipewa nishani. Kijana mwenyewe alikuwa mwanamichezo hodari: alicheza lakrosi (mpira unaochezwa kwa fimbo zenye wavu) ya kulipwa, na mwaka 1938 alishika nafasi ya pili ya uzito wa kati kwenye mashindano ya ngumi ya Golden Gloves. Aliingia Hollywood kupitia lakrosi. Timu yake ilipofika Los Angeles, mchekeshaji Joe E. Brown akamwona na kumhimiza ajaribu filamu. Akaanzia chini kabisa, mtu wa kuanguka kutoka kwenye farasi.

Na hapa ndipo panaponiuma. Watu wa Six Nations, yaani shirikisho la Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga, Seneca na Tuscarora, ni watu wa hotuba. Katiba yao ya kale, Sheria Kuu ya Amani, ilihifadhiwa kwa kukaririwa mbele ya baraza, na kuikariri yote huchukua siku kadhaa. Kwao msemaji wa baraza ni cheo.

Mwaka 1923, kiongozi wao wa Cayuga, Levi General, mwenye cheo cha Deskaheh, alisafiri hadi Geneva kuwashitaki watawala wa Kanada mbele ya Shirikisho la Mataifa. Hakupewa nafasi ya kusikilizwa rasmi. Mwaka 1924 serikali ya Kanada ikaliondoa baraza la jadi la Mto Grand na kuweka lake la kuchaguliwa. Silverheels alikuwa na miaka kumi na miwili. Machi 1925, Deskaheh akiwa mgonjwa alizungumza kwenye redio mjini Rochester, New York, kwa Kiingereza chake mwenyewe, akieleza kwa nini watu wake hawataki kumezwa. Alifariki miezi mitatu baadaye.

Pangeni miaka hiyo pamoja. Mwaka 1925, mtu halisi wa eneo lile lile alilozaliwa Silverheels anasimama mbele ya kipaza sauti na kutetea taifa lake kwa hoja. Mwaka 1933, redio hiyo hiyo ya Marekani inaleta mwenyeji wa kubuni, anaigizwa na mzungu, na anashindwa kuunga sentensi. Nchi nzima ikamkumbuka wa pili.

Bint Kisauni

Kakangu Mwanapicha, ahsante kwa kazi hii. Lakini mie siafiki yote. Naona wamhukumu Tonto kwa masikio ya leo. Babangu alizipenda hizi hadithi kwa sababu Tonto hakuwa mjinga. Ndiye afuataye nyayo, ndiye ajuaye dawa, ndiye atumwaye mjini kusikiliza siri za majambazi. Bila yeye hakuna Lone Ranger, maana steringi mwenyewe angekufa siku ya kwanza. Mtu kusema vibaya lugha ya kigeni si aibu. Sisi wangapi twasema Kiingereza cha kuvunjika na akili zetu ni timamu?

Mwanapicha

Dada yangu Bint Kisauni, hoja yako ina uzito, na sehemu kubwa nakubaliana nayo. Silverheels hakumcheza Tonto kama mjinga hata siku moja. Mtazame anavyoketi juu ya farasi wake Scout, mgongo umenyooka. Mtazame anavyosikiliza: wengine wanaropoka, yeye anapima. Mambo hayo hayakuandikwa kwenye muswada. Aliyaleta yeye. Mtoto aliyemtazama bila kusikia sauti angeona watu wawili sawa kwa sawa.

Na kweli, kusema vibaya lugha ya kigeni si aibu. Tatizo ni kwamba Tonto hakuwa na lugha nyingine. Mgeni anayevunja Kiingereza ana kwao anakozungumza vizuri. Ana mama wa kumwita, ana wazee wa kumkemea, ana nyimbo. Tonto kijiji chake kilifutwa kwenye sehemu ya kwanza kabisa, na hakupewa kingine. Redioni walisema ni Mpotawatomi, watu wa eneo la Maziwa Makuu, akatupwa Texas bila maelezo. Hata lile jina analomwita mwenzake, "Kemo Sabe", lilitokana na jina la kambi ya watoto huko Michigan, iliyokuwa ya baba mkwe wa Jim Jewell, mwongozaji wa kipindi cha redio.

Reid naye ni mpweke, mtasema. Lakini Reid ana mpwa wake Dan anayetokea mara kwa mara, ana mgodi wa fedha, ana jina la ukoo. Silverheels alipopata shtuko la moyo wakati wa utengenezaji, Dan ndiye aliyesogezwa mbele kujaza pengo. Upande wa Tonto hakukuwa na ndugu hata mmoja wa kuletwa.

Jabali wa Songea

Mkuu, umenifungua macho. Ila nauliza: haya yalikuwa ya Tonto tu, au ndiyo ulikuwa mtindo wa kauboi zote za wakati ule?

Mwanapicha

Mkuu Jabali, ulikuwa mtindo. Mfano bora ni The Cisco Kid, 1950 hadi 1956, sehemu 156, na yenyewe ilipigwa kwa rangi tangu mwanzo wakati karibu hakuna aliyekuwa na televisheni ya rangi. Steringi wake ni Mmexico, jambo la kusifiwa sana kwa miaka ile. Cisco anazungumza vizuri, ana adabu, anavaa vizuri. Lakini pembeni yake yuko Pancho, mnene, mwenye kuchekesha, anayepindua vitenzi kila akifungua mdomo.

Aliyemcheza Pancho ni Leo Carrillo, mtu wa ukoo wa kale wa California, uliokuwepo huko kabla Marekani haijaichukua nchi hiyo kutoka Mexico. Alikuwa msomi, na alifanya kazi ya kuhifadhi fukwe na mazingira kiasi kwamba ufukwe wa serikali ya jimbo umepewa jina lake. Ukoo wake ulikuwa na mizizi California kabla ya hao watazamaji waliomcheka, na bado alilipwa kuonekana mgeni asiyejua kusema.

Hata Bonanza, iliyoanza 1959, ilikuwa na Hop Sing, mpishi Mchina wa ile familia tajiri. Victor Sen Yung, aliyemwigiza, alizaliwa San Francisco.

Kwa hiyo usemi uliovunjika ulikuwa kama sare ya kazi. Ukiingia kwenye picha na wewe si mzungu, unaivaa mlangoni.

Mjukuu wa Reeves (Houston)

Habari za kwenu. Naandika kutoka Texas. Nashangaa hakuna aliyetaja kwamba Lone Ranger halisi alikuwa mtu mweusi! Anaitwa Bass Reeves. Huku kila Februari watu wanasambaza picha yake wakisema wazungu waliiba hadithi yake wakambandika sura nyeupe. Mwanapicha, mbona umelikwepa hilo?

Mwanapicha

Ndugu yangu wa Houston, sijalikwepa, nilikuwa nalisubiri.

Bass Reeves ni mtu wa kweli na historia yake inatikisa. Alizaliwa mtumwa huko Arkansas mwaka 1838. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alitorokea Indian Territory, ambayo leo ni Oklahoma, akaishi kati ya Wacherokee, Wacreek na Waseminole. Mwaka 1875 akaapishwa kuwa naibu wa marshali wa serikali kuu chini ya mahakama ya Jaji Isaac Parker, Fort Smith. Alitumikia hadi 1907. Hakujua kusoma, hivyo alisomewa hati za kukamata watu akazihifadhi kichwani. Yeye mwenyewe alisema amekamata watu zaidi ya 3,000. Mmoja wao alikuwa mwanawe wa kumzaa, kwa kesi ya mauaji. Alifariki Januari 1910.

Lakini kwamba Fran Striker alichukua hadithi yake, hakuna maandishi yoyote yanayothibitisha. Wanaounga mkono dai hili wanaonyesha mambo yanayofanana: kujibadilisha sura, farasi wa rangi ya kijivu, na kwamba baadhi ya wafungwa kutoka Indian Territory walipelekwa kwenye gereza la Detroit, mji ambako kipindi kilizaliwa. Hayo ni mafanano, hayafiki kuwa ushahidi. Mimi naona tunamdhulumu Reeves tunapomfanya mkubwa kwa sababu eti alimzaa mtu wa kubuni. Ukubwa wake unajitosheleza.

Ila kuna jambo kwenye maisha yake linaloingia moja kwa moja kwenye uzi huu. Reeves alijifunza lugha ya Wacreek. Alipanda farasi katika nchi ile akiweza kuzungumza na wenyeji kwa lugha yao, na kazi yake ilitegemea hilo. Magharibi ya kweli ilikuwa na lugha nyingi na watu waliozifahamu. Wanahistoria wengi hukadiria kuwa mchunga ng'ombe mmoja kati ya wanne alikuwa mtu mweusi, na wengine wengi walikuwa Wamexico. Kwenye The Lone Ranger, steringi anapita katika nchi ya watu kumi tofauti na wote wanapaswa kumfikia yeye kwa Kiingereza.

Mjukuu wa Reeves (Houston)

Nimekuelewa, na nashukuru kwa uungwana. Basi niongeze la hapa Texas. Hao Texas Rangers wenyewe si malaika. Januari 1918, kijiji cha Porvenir mpakani na Mexico, Rangers pamoja na wafugaji wa kizungu waliwatoa wanaume na vijana 15 wenye asili ya Mexico wakawapiga risasi. Mwaka 1919 mbunge José T. Canales alisimama bungeni Austin kudai uchunguzi, na ushahidi ukatolewa. Shuleni wenzangu wengi hawajawahi kufundishwa.

Mwanapicha

Ahsante sana kwa hilo, mkuu. Na tazama miaka: kutoka Porvenir hadi kipindi cha kwanza cha redio ni miaka kumi na mitano tu. Kulikuwa na wajane wa Porvenir waliokuwa hai redio ilipoanza kumsifu askari wa Texas asiyeua mtu. Sisemi Trendle na Striker walipanga kufunika. Detroit ni mbali, na wao walitaka shujaa wa watoto. Lakini jina "Ranger" walilichukua likiwa limeoshwa, na wao wakalipiga pasi.

Tukiwa hapo, tuangalie pia serikali ilikuwa ikifanya nini wakati Tonto yuko kwenye televisheni. Agosti 1953 bunge la Marekani lilipitisha azimio namba 108, lililoanzisha sera ya kuzifuta jumuiya za wenyeji asilia kisheria: mikataba iishe, ardhi za pamoja zivunjwe, huduma zikome. Wamenominee wa Wisconsin na Waklamath wa Oregon walikuwa wa kwanza kutungiwa sheria, mwaka 1954. Mwaka 1956 ikaja sheria ya kuwahamishia mijini, Los Angeles, Chicago, Denver, kwa ahadi ya mafunzo na kazi. Na Kanada alikotoka Silverheels, wenyeji waliosajiliwa hawakuruhusiwa kupiga kura ya kitaifa bila kuacha hadhi yao hadi 1960. Yaani miaka yote ya tamthilia, mtu aliyekuwa uso wa wenyeji kwa mamilioni ya watoto alitoka kwenye jamii isiyokuwa na kura.

Ndiyo maana nasema huyu Tonto asiye na kijiji hakuwa jambo dogo. Sera ya nchi ilitaka mwenyeji wa namna hiyo hiyo: mmoja mmoja, mwaminifu, asiye na taifa nyuma yake.

Mama Neema wa Monduli

Wadau, mimi ni msomaji tu huwa sichangii. Leo nimeguswa. Mimi ni Mmaasai. Kwenye vichekesho vyetu vya runinga, Mmaasai ni mlinzi wa getini. Ana rungu, ana shuka, na Kiswahili chake kimepindwa ili watu wacheke. Wanangu wamesoma, wanazungumza Kiswahili, Kimaa na Kiingereza, na bado shuleni wenzao wanawaigizia ile sauti ya getini. Aliyeandika hakuwa na nia mbaya, najua. Alitaka watu wacheke. Lakini anayebeba ni mtoto wangu.

Mwanapicha

Mama Neema, shikamoo, na nashukuru umevunja ukimya. Sina la kuongeza kwenye uliyosema. Wanaoandika vichekesho wapo humu jukwaani, natumaini wamekusoma.

Bint Kisauni

Mama Neema, pole sana mamangu. Sasa nimeiona hoja ya Mwanapicha kwa namna nyingine. Ila bado nina swali. Huyo Silverheels mwenyewe alikubali vipi? Miaka minane kwenye kazi kama hiyo, hakuona? Na Clayton Moore, mwenzake aliyemcheza Lone Ranger, alisema nini?

Mwanapicha

Swali zuri, na nilitaka tufike hapa.

Moore, aliyekuwa mwanasarakasi wa bembea kabla ya filamu, aliyapenda maadili ya Lone Ranger kwa moyo wake wote. Kwenye msimu mmoja, 1952 hadi 1953, nafasi yake ilichukuliwa na John Hart, kisha akarudishwa. Tonto hakubadilishwa katika misimu yote. Hiyo yenyewe inaeleza nani alikuwa nguzo. Baada ya tamthilia kuisha Moore aliendelea kutokea hadharani na barakoa yake akizungumza na watoto, hadi mwaka 1979 kampuni yenye haki, iliyokuwa ikijiandaa kutoa filamu mpya, ilipopata amri ya mahakama ya kumkataza kuivaa. Akavaa miwani mikubwa ya jua badala yake na kupigana hadi 1984, aliporuhusiwa tena. Namheshimu mzee yule. Aliishi alichokiigiza.

Silverheels njia yake ilikuwa nyingine. Kukataa kazi ile mwaka 1949 kungemaanisha nafasi iende kwa mzungu aliyepakwa rangi. Nje ya tamthilia alicheza Geronimo, kiongozi wa Waapache, katika filamu ya Broken Arrow ya 1950, na alifanya filamu nyingine kadhaa, karibu zote kama "mwenyeji." The Lone Ranger ilipokwisha, jina la Tonto lilimganda, na kazi za maana zikawa chache. Jibu lake ni alichokifanya mwaka 1966: alianzisha Indian Actors Workshop, darasa la uigizaji kwa wenyeji asilia, katika mtaa wa Echo Park, Los Angeles. Kumbukeni Los Angeles ni mmoja wa ile miji ambako sera ya 1956 iliwamwaga wenyeji kutoka maeneo yao. Pale vijana walifundishwa uigizaji na sauti. Yule aliyeandikiwa sentensi zilizokatwa kwa miaka minane alitumia umri wake wa utu uzima kuwafundisha wengine kusimama na kusema.

Mwaka 1979 aliwekewa nyota kwenye Hollywood Walk of Fame. Alifariki Machi 1980.

Jabali wa Songea

Mkuu, kwa hiyo tatizo limekwisha siku hizi? Mwaka 2013 Disney walitoa ile The Lone Ranger mpya, Tonto ni Johnny Depp.

Mwanapicha

Ile ya 2013 ilirudi nyuma kuliko 1949 kwenye jambo moja la msingi: nafasi ambayo Silverheels aliishika ilikwenda kwa nyota mzungu aliyejipaka uso na kuvaa kunguru kichwani. Ni kweli walimpa Tonto maneno mengi na kumfanya msimulizi, na mama mmoja wa Kikomanchi anayeheshimika, LaDonna Harris, alimpokea Depp kama mwana wa familia. Siwezi kuidharau hatua ya mama yule. Lakini bado walioshika kalamu walikuwa wale wale.

Badiliko ninalolihesabu ni la 2021. Tamthilia ya Reservation Dogs, iliyoanzishwa na Sterlin Harjo, Mseminole mwenye damu ya Kimuskoke, pamoja na Taika Waititi wa New Zealand, ilikuwa na waandishi wote wenyeji asilia, waongozaji wote wenyeji asilia, na waigizaji wakuu wote wenyeji asilia. Ilipigwa Oklahoma, nchi ile ile aliyoizunguka Bass Reeves. Sikilizeni vijana wa mle wanavyozungumza. Wanatumia maneno ya mtaani, wanakatizana, wanatukana, wanaomboleza, wanataniana kwa lugha za wazee wao. Sarufi yao imejaa makosa kuliko ya Tonto, na hakuna hata sekunde moja unayowaona wapungufu, kwa sababu kila mmoja ana shangazi, ana marehemu anayemlilia, ana mtu wa kumjibu. Ndipo nilipoona wazi kuwa Trendle aliikosea hata ile kanuni yake. Sarufi safi haikuwa inamlinda Lone Ranger. Kilichomlinda ni kwamba aliyemwandika alimjua.

Bint Kisauni

Nimekubali. Basi nipe pa kuanzia, nitazame na wanangu wikendi hii.

Mwanapicha

Anza na sehemu tatu za mwanzo za Septemba 1949, zinakwenda mfululizo na zinapatikana mtandaoni. Usiwaambie lolote kabla. Kwenye sehemu ya kwanza kuna muda mrefu ambao Reid amelala hajitambui na Tonto anafanya kazi zote peke yake. Hapo Silverheels hana maneno mengi ya kuharibiwa. Waulize watoto wakati huo huo, kabla Reid hajaamka, wanadhani steringi ni nani. Kisha urudi hapa utuandikie walichojibu.

Ukimaliza hizo tatu, ruka hadi msimu wa mwisho, wa rangi, 1956 na 1957. Humo picha nyingi zaidi zimepigwa nje ya studio, na Silverheels amekomaa, amepona maradhi yake, anajiamini. Linganisha uso wake wa mwanzo na huu. Uzi wa Cisco Kid nitaufungua mwezi ujao Mungu akipenda, na mwenye kumbukumbu za Gunsmoke ya redio, ambako marshali Matt Dillon alikuwa William Conrad kabla televisheni haijamchukua James Arness, anitumie ujumbe tuandae kwa pamoja.